Eti wa Mlimani wote wako hivyo?

Majina ya waliopata vyuo yakishatoka, barua zinazoingia kwenye safu hii huwa zinafanana kila mwaka, watoto wanaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani au UDSM, na kabla hata hawajapanda basi washaambiwa watakuwa watu wa aina gani. Mi nilisoma pale, niliingia 2006, ualimu wa Kiswahili na Historia, kwa hiyo najibu kama mtu aliyelala kwenye yale mabweni na kupanga foleni kafeteria, na pale ambapo watu wanasema kweli nitasema pia kwamba ni kweli.

Shikamoo dada. Nimemaliza fomu siksi PCM na nimechaguliwa uhandisi mitambo UDSM, nilifurahi mpaka nikalia. Sasa baba mdogo anasema wasichana wa CoET, yaani kitivo cha uhandisi, wanakuwa kama wanaume na hawaolewi. Binamu yangu aliyemaliza pale naye kanitumia orodha nzima kwenye simu, eti wa sheria wanajisikia na suti zao, wa biashara ni mabishoo, mainjinia hawaogi na hawajui kuongea na watu, wa ualimu ni wale waliokosa kozi, wa sosholojia na siasa wapo pale kupiga stori. Anasema nitajionea mwenyewe. Niambie ukweli maana nimeanza kuogopa hata kwenda. – Msomaji, Singida

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, maana uhandisi mitambo Mlimani siyo kitu cha kuokota njiani.

Hiyo orodha ya binamu yako naijua yote. Tuliikuta 2006 na waliotutangulia waliikuta, ni kama urithi wa bweni, unapewa pamoja na godoro. Ila hebu nikuonyeshe hiyo ya kutokuoga inatoka wapi.

Chumbani kwetu nililala na dada mmoja wa uhandisi umeme. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko macho, saa moja yuko leksha, akitoka hapo karakana, akitoka karakana maabara, na jioni kuna jaribio. Usiku sasa ndo droingi. Meza ya chumbani ilikuwa ndogo, haibebi karatasi yake, basi anaitandaza kitandani, anapiga magoti sakafuni na rula yake ya T na kupiga mistari mpaka saa tisa, halafu kwa vile ile karatasi haikunjwi na haiguswi na jasho, kitanda anaiachia yenyewe, yeye analala kwenye kiti na kanga mabegani. Asubuhi anaondoka na risasi ya penseli imempaka mkono wa kulia, kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa anaoga kama sisi wote, nampisha bafuni kila siku. Lakini aliyekutana naye foleni ya chakula saa nane mchana aliuona ule mkono tu, akaenda kusimulia kwamba mainjinia ni wachafu. Na hilo la kutojua kuongea na watu ni hivyohivyo, mtu anakaa na darasa lilelile miaka minne, ratiba imejaa kutoka asubuhi mpaka giza, atakutana na nani wa kuongea naye? Sisi wa sanaa tulikuwa tunachanganyikana mamia kwa mamia kwenye kumbi za Yombo, kozi hii umekaa na wa historia, ile umekaa na wa jiografia, lazima mdomo utachangamka tu.

Wa sheria kuna siku wanakuwa na mahakama ya mazoezi, wanavaa nyeusi na nyeupe, wanapita katikati ya watu waliovaa kandambili, nani hatawaona? Halafu sheria ndo kitivo cha kwanza kabisa, chuo kilipoanza Oktoba 1961 kule mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU kilikuwa na sheria peke yake na wanafunzi hawafiki 20, kupanda huku kilimani ni 1964. Wanaijua hiyo historia na wapo wanaoitumia kujisikia, wapo, sitakuficha. Ila na wewe hesabu wale usiowaona, waliojifungia maktaba na kesi za kurasa 60, suti yenyewe kaazima. Wa biashara wanavaa vizuri kwa sababu kila wiki wana prezentesheni, hilo halina makubwa.

Hiyo ya ualimu ndo inaniuma. Eti waliokosa kozi! Bodi ya Mikopo ilianza kazi Julai 2005, na ualimu, hasa wa sayansi na hisabati, ulikuwa kwenye kozi za kipaumbele. Sasa mtoto wa mkulima wa pamba ana divisheni wani, kichwa kabisa, anataka kusoma kitu kingine na anaweza, ila nyumbani hakuna hata nauli, na anajua akijaza ualimu uwezekano wa kupata mkopo ni mkubwa na akimaliza serikali itampangia kituo, maana enzi zile ajira ya ualimu ilikuwa ni moja kwa moja. Utajaza nini hapo? Nimesoma na watu wa aina hiyo darasa zima, vipanga ambao wangekaa kozi yoyote pale, na walikuja kuwa walimu wazuri sana. Waliowaita waliokosa kozi wengi wao walikuwa wanalipiwa ada na wazazi. Unachokiona pale ni hali ya nyumbani kwa mtu, akili yake hujaiona bado.

Na wa sosholojia na siasa unamkuta kimbweta saa nane mchana (vimbweta ni yale mabenchi na meza za zege zilizotapakaa chuo kizima, utavipenda) ukadhani hana kazi. Leksha kwa wiki ni chache kweli, ila kitabu anachotakiwa amalize kabla ya semina hukioni, kiko kwenye begi. Wako wanaopiga stori tu na muhula ukiisha wanapata sapu, yaani mtihani wa kurudia, na sapu hazijawahi kumruka mtu kwa sababu ya kozi yake.

Sasa baba mdogo. Mwambie kwa heshima zote kwamba yule dada wa droingi aliolewa, ana watoto watatu, na yuko saiti ya mradi wa maji anasimamia mafundi ambao umri wao ni wa baba yake. Wasichana mtakuwa wachache darasani, ndiyo, na karakana siku za mwanzo kuna mvulana atataka kukushikia spana. Mshukuru, halafu ishike wewe. Mwisho wa mwaka mnaenda mafunzo kwa vitendo wiki nane, kiwandani au saiti, kwa hiyo ovaroli na buti za kukutosha anza kutafuta mapema kwa sababu saizi za kike zinasumbua. Ukimaliza miaka minne jiandikishe Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wana programu yao ya miaka mitatu ya kumlea injinia chini ya injinia mkubwa, na serikali ya Norway iliwahi kuwafadhili wanawake kwenye hiyo programu kwa sababu walionekana wanaishia njiani, kwa hiyo njia ipo na wenzako washaipita.

Kitu kimoja binamu yako kasema kweli bila kujua, utajionea mwenyewe. Mwaka wa kwanza wote wanajulikana, wanatembea sita sita na kitambulisho shingoni hata wakienda dukani. Hilo ni kweli asilimia mia na halina ubaya, tembeeni hivyohivyo, pale ni pakubwa mtapotea.

Nina ofisi ndogo ya mambo ya ujenzi Mwanza. Kila nikitaka kuajiri kijana wa Mlimani watu wananiambia niachane nao, eti wanajiona wamesoma kuliko wote na wamezoea migomo, nitakuja kugomewa ofisini kwangu. Kuna ukweli? – Msomaji, Mwanza

Kaka, migomo ni historia ya kweli. Oktoba 1966 waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la lazima na makato yake ya mshahara, Mwalimu akawarudisha nyumbani karibu 400, na siku hiyohiyo kwa vile walikuwa wanasema viongozi wanalipwa vinono akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1978 wakaandamana tena viongozi walipojiongezea maslahi, wakafukuzwa tena. Pale ndo aliposoma Museveni akiwa kijana, 1967 mpaka 1970, na Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alikuwa anafundisha, vijana usiku wanabishana kuhusu ukombozi wa Msumbiji. Jina la ubishi limetoka huko, na mi binafsi naona ni jina zuri, wale vijana wa 1978 walikuwa wanauliza swali la haki.

Ila chuo sasa kina wanafunzi zaidi ya 20,000, wengi hawajawahi kuandamana hata siku moja, na kinachowakera ni bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, kuchelewa. Kijana anayekuja ofisini kwako mpe kazi ya wiki mbili, umlipe, uangalie. Akikuuliza mbona hesabu hii haikai sawa, huyo mshike asiondoke.

Dada habari za kazi. Nimepangiwa UDSM kusoma Kiswahili. Kijiweni wananicheka, wanasema unaenda miaka mitatu kusomea lugha unayoongea tangu unanyonya, kozi ya wavivu hiyo. Hata mzee hanisemeshi vizuri. Nibadilishe? – Msomaji, Tabora

Nzuri mdogo wangu. Usibadilishe kwa sababu ya kijiwe. Badilisha kama moyo wako hautaki, hilo ni jambo jingine.

Nikusimulie. Usiku mmoja niko kimbweta nachora mti wa sentensi, tuna jaribio la sintaksia kesho yake, pembeni kuna kaka wa CoET na kalkuleta yake, akachungulia akacheka, "Wewe dada ni mgeni nchini? Unasomea Kiswahili?" Nikamwambia sawa, nisaidie basi. Kiongozi na kitabu vyote vinaanza na ki-, kwa nini tunasema kitabu kimefika lakini kiongozi amefika? Akasema kwa sababu kiongozi ni mtu. Nikamwambia vizuri, sasa mkulima ni mtu, tunasema mkulima amefika, mkulima wangu. Rafiki naye ni mtu, tunasema rafiki amefika, mbona hatusemi rafiki wangu, tunasema rafiki yangu? Akanyamaza. Akajaribu mwenyewe kwa sauti ya chini, mama amefika, mama yangu, dada amefika, dada yangu, mwalimu wangu, daktari wangu, anahesabu kwa vidole. Mwisho akasema ndo tunavyosema tu. Nikamuuliza, mwalimu wako akikuuliza kwa nini jiwe linaanguka ukamjibu ndo linavyoanguka tu, atakupa maksi ngapi? Tulikaa pale mpaka taa zinazimwa, kalkuleta ameifunga, na kila tulipokutana baada ya hapo alikuwa na neno jipya limemshinda.

Kuongea lugha na kuijua inavyofanya kazi ni vitu viwili, kama kuwa na moyo kifuani na kusomea moyo. Fonolojia na mofolojia zinakamatisha watu sapu kila mwaka, na wanaokamatwa sana ni wale waliokuja wakidhani wanakuja kupumzika. Pale unapoenda ndo penyewe, kamati ya kusanifisha lugha ilianza 1930, ikaja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, TUKI ndo wakatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu 1981, na 2009 wakaungana na idara ya Kiswahili ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Utakaa benchi moja na Wachina na Wakorea waliolipa nauli ya ndege kufuata hicho ambacho kijiwe chako kinakicheka.

Kazi je? SADC waliifanya Kiswahili lugha rasmi 2019, Umoja wa Afrika wakaiingiza lugha ya kazi 2022, UNESCO wakaipa siku yake, Julai 7. Hizo zote zinahitaji wafasiri na wakalimani, lakini mkalimani wa lugha moja hayupo, kwa hiyo ukiwa pale shika na Kifaransa au Kichina au Kiarabu tangu mwaka wa kwanza, usisubiri. Na mzee muulize swali la rafiki yangu, taratibu, mkiwa mnakula.

Mwanangu, binti yangu yuko mwaka wa pili Mlimani. Alikosa nafasi hosteli, amepanga chumba Changanyikeni na wenzake wawili, wanaita gheto. Huku kanisani wanasema wasichana wa Mlimani ni wa kuhongwa chipsi na simu, wakipata bumu ni starehe likiisha wanatafuta mabwana, na wa magheto ndo wameharibika kabisa. Silali. Baba yake anataka arudi nyumbani. – Mama, Kyela

Mama shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Kuhusu vitanda kwanza. Chuo kina mabweni yake ya juu kilimani, kuna hosteli ya Mabibo, na 2017 zikafunguliwa zile hosteli za Magufuli, watu 3,840, zilisaidia mno. Bado hazitoshi. Anayekosa anapanga Changanyikeni, Msewe, Makongo, au anabebwa, yaani mwenzake mwenye kitanda anamkaribisha walale wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, kichwa huku na kichwa kule, muhula mzima. Mi nilimbeba mtu mwaka wa pili, na mwaka wa kwanza mi ndo nilibebwa. Kwa hiyo gheto la binti yako linamaanisha alichelewa kwenye mgao wa vitanda, basi. Tabia yake haimo humo.

Hiyo ya bumu ina ukweli wake na sitaupaka rangi. Pesa ya chakula na malazi sasa inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, ilikuwa 8,500 mpaka 2022, na inaingia kwa mafungu, siyo kila siku. Mtoto wa miaka 20 ambaye hajawahi kushika laki tano mkononi anashika zote kwa mkupuo, wiki ya kwanza ni kuku na viatu, na mwisho wa fungu ni uji na maharage, nimeona sana, wavulana na wasichana sawasawa. Tena na humohumo kwenye hiyo pesa alipe kodi ya chumba, anunue madesa, yaani nakala za notsi, na wengine mama, wengine wanatuma nusu nyumbani mdogo wao alipiwe ada, hao siku ya bumu huwaoni mjini. Mbona wavulana waliomaliza bumu lao kwenye kubeti hakuna kanisa linalowasema?

Na wapo wasichana waliotafutwa na watu wazima wenye magari wakati hawana hata ya kula. Wapo. Huyo mtu mzima mwenye gari ndo ningependa asemwe kwa jina lake na kazi yake, kabla ya mtoto.

Mama, nisikilize hapa. Pale chuoni zamani kulikuwa na kitu kinaitwa Mzee Punch. Walikuwa ni vijana wa kiume wasiojulikana, usiku wanabandika ukutani michoro na maneno ya kumdhalilisha mtu, na waliosemwa sana ni wasichana. Ukimkataa mtu, unachorwa. Ukivaa hivi, unachorwa. Na ukishachorwa wenzako wanaogopa hata kukaa na wewe meza moja. Watu wazima waliona, wengi wakasema ni utani wa wanafunzi, ndivyo chuo kilivyo. Mwaka 1990 binti mmoja alisumbuliwa namna hiyo mpaka akajiua. Ndo watu wakashtuka, chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, wakapaza sauti, chuo kikachukua hatua. Alikuwa amekuja kusoma kama huyu wako, ana wazazi wanamsubiri likizo.

Kwa hiyo mtu akisimama kanisani akasema wasichana wa Mlimani wako hivi, mi siwezi kucheka naye, sijaweza tangu niisikie hiyo habari nikiwa mwaka wa kwanza. Anayesema haandiki ukutani lakini anafanya kazi ileile. Na wewe ukimpigia binti na sauti ya wale wa kanisani mdomoni mwako atakwambia yuko salama hata kama hayuko salama, kwa sababu atajua ushamhukumu.

Msimrudishe mama. Mwaka wa pili umebaki mmoja tu kama kozi ni ya miaka mitatu, na kuahirisha masomo katikati kunavuruga mpaka mkopo. Mpigie jioni, siyo kwa ukali, muulize wanatoka chuoni saa ngapi na wanarudi na nani, mlango una kitasa cha maana, mwenye nyumba anaishi hapohapo au yuko mbali, kodi wanachangia vipi, maji je. Mwambie mwaka wa tatu aombe hosteli siku dirisha linapofunguliwa, asisubiri wiki ya mwisho. Umwambie pia, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba ikitokea amekwama asione aibu kukupigia hata usiku wa manane, na wewe siku hiyo usianze kwa kuuliza kafanya nini.

Na kwa vile uko Kyela, mtumie mchele kwa basi. Kilo za watu watatu, na wale wenzake pia wahesabie.